Alingoja Useme Inawasha

Doha, Ijumaa, baada ya alasiri

Baba yangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo baba. Natumai barua hii imekukuta umeketi barazani na si kitandani. Kidonda kimefunga? Ile fimbo uliyochongewa umeizoea, ama bado unaiegemeza mlangoni na kutembea kwa kushika ukuta? Nakujua. Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Mengine utayasikia humu ndani.

Utashangaa kupata karatasi ilhali tunazungumza kwa simu kila wiki. Nimempa mwenzangu wa Shimoni anayekuja likizo, nami nimemwapisha aitie mkononi mwako mwenyewe. Kwa kuwa macho yako hayapatani na maandishi madogo, mwite mwalimu wa madrasa akusomee. Mwalimu, niwie radhi kwa mwandiko huu. Nakuomba usiruke mahali, hata ukiona haya kwa niaba yangu. Na shangazi Mejumaa awepo asikie. Ila Mwanasha asipewe yeye kuisoma. Dada yangu nimeshamtwika ya kutosha.

Kwenye simu siwezi, baba. Kwenye simu mimi ni mwepesi wa maneno, ukiuliza hili nakujibu lile, tunacheka, mara umechoka waenda kulala. Mara tatu nimepiga nikiwa nimekusudia kukuambia, na mara zote tatu tumeishia kwenye habari za mvua na za minazi.

Nianze na lililo dogo. Mimi si mtu wa maabara. Nafanya kazi hospitalini, hilo ni kweli, lakini kazi yangu ni kufagia na kupiga deki ghorofa ya tatu. Ile picha niliyowatumia nimevaa koti jeupe, koti lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango. Nililivaa, mwenzangu akanipiga picha, nikalirudisha kabla mwenyewe hajatoka msalani. Naambiwa shangazi aliionyesha picha hiyo hadi kwa wauza vitenge wa Kona ya Musa. Awali sikusema uongo. Nilisema niko hospitali, na nyinyi mkajimalizia wenyewe. Lakini sikuwasahihisha, na siku zilivyokwenda nikaanza kulipenda lile koti.

Kazi yenyewe haina aibu, ni ngumu tu. Twaamka kabla ya alfajiri, basi latuchukua, wengine wanasinzia wakiwa wamesimama. Nje kuna joto ambalo hata sisi watu wa pwani hatukuzaliwa nalo, na ndani kuna baridi ya mashine, kwa hivyo kutwa nzima mtu ana mafua. Siku ya kwanza tulifundishwa kwamba dawa mbili za kusafishia hazichanganywi ndani ya ndoo moja, kwa sababu moshi wake waweza kumwangusha mtu. Sharti hilo nimelishika hadi leo, sijawahi kubahatisha. Sakafu ya watu nimeifanyia uangalifu ambao sikuufanyia mguu wako.

Udaktari wangu ulianza na kikohozi cha mtoto wa jirani yetu huko nyumbani. Mamake aliniuliza kwa simu, nikasema asali na tangawizi, mtoto akapona, na angepona vivyo hivyo hata nisingesema. Kisha akaja mwenye presha, nikamwambia apunguze chumvi. Kila aliyepona alikuwa wangu. Aliyezidiwa nilimwambia aende zahanati, naye akaniona muungwana asiyejitapa. Kijiji chetu kizima cha Bodo kikaniita Daktari Rama. Nawe ukaniita hivyo siku moja, kwa mzaha, lakini nikasikia sauti yako imejaa. Kichwa changu kikavimba, baba.

Ndipo Mwanasha aliponitumia picha ya nyayo zako. Magaga yalikuwa yamepasua visigino na sehemu ya chini ya kidole gumba, mengine yanaonyesha wekundu ndani. Akasema, "Kaka, magaga ya baba yamekuwa mabaya, nawe wajua ana sukari. Nataka nimpeleke hospitali ya Msambweni kesho. Wasemaje?"

Nilikuwa nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwenye chumba cha fagio, nala mkate. Nilitakiwa kusema neno moja tu, mpeleke. Badala yake nikamkumbuka marehemu bibi. Wakumbuka alivyokuwa akiponda maganda mabichi ya korosho, akatupaka yale mafuta meusi visiginoni, mguu ameubana kwapani ili tusimkimbie? Nawe ulipakwa ulipokuwa mdogo, wanichekesha mpaka leo ukisimulia. Yalipoanza kuunguza tulipiga mayowe, naye papo hapo alituosha kwa maji ya sabuni. Kwake kilio ndicho kilichokuwa kipimo. Na magaga yalifunga kweli.

Basi nikamtumia Mwanasha ujumbe wa sauti, kwa ile sauti yangu nzito ya kidaktari. Akajibu, "Lakini kaka, mafuta ya korosho si huchubua? Na baba ana sukari."

Nikamwambia, "Sukari iko kwenye damu, magaga yako kwenye ngozi. Kwani mimi niko wapi, Mwanasha? Si niko hospitali?"

Hapo akaenda kuokota maganda.

Yaliyofuata mnayajua nyinyi kuliko mimi, kwa kuwa mliyaona na mimi niliyasikia. Malengelenge, ngozi iliyogeuka nyeusi, harufu, kupelekwa Msambweni ambako ungepelekwa tangu mwanzo, na vidole viwili vilivyokatwa ili mguu usalimike. Sitajifanya kuyasimulia.

Hili ndilo usilolijua. Siku Mwanasha aliponiambia kwamba mguu umeharibika, kabla sijamuuliza hali yako, nilifuta ule ujumbe. Simu za siku hizi zina namna hiyo, waweza kufuta neno lako kwako na kwa uliyemtumia pia, ikabaki alama tu kwamba palikuwa na kitu. Niliufuta wa kwanza, nikafuta na majibu yaliyofuata. Kisha ndipo nikamuuliza, "Baba yuko vipi?"

Shangazi alipiga jioni ile ile. Alikuwa ameifungua simu sauti, nikasikia mtu akikohoa na mwingine akivuta kiti, nikajua nyumba imejaa. Akasema, "Daktari, hebu tutolee shaka. Huyu dadako asema wewe ndiwe uliyemtuma ampake babako mafuta ya korosho. Ni kweli?"

Nikasema, "Ya nazi, shangazi. Mimi nilimwambia ya nazi. Ya korosho kayatoa wapi?"

Nilingoja Mwanasha apige kelele. Nilikuwa hata nimeshatunga la kumjibu. Hakusema neno. Nilimsikia shangazi akiguna, na simu ikakatwa. Mpaka leo sijui kama Mwanasha alinisitiri kwa heshima ya kaka, au kama alishindwa kuamini alichokisikia. Vyovyote iwavyo, yeye aliona haya na mimi sikuona.

Tangu hapo ukahamishiwa kwa shangazi, na Mwanasha, aliyekupikia na kukufulia tangu mama afariki, akakatazwa hata kukuletea maji. Nimesikia ya siku ya Idd. Nimesikia alikuja na bakuli la pilau amelifunika kwa kitambaa kipya, akarudishwa mlangoni, akatembea na bakuli lake mbele ya watu wote waliokuwa wakitoka kusali. Wiki hiyo nawe ukaniambia kwenye simu, "Lau dadako angekufuata wewe, vidole vyangu ningekuwa navyo." Nikakujibu, "Ni kudra, baba." Baada ya kumsingizia Mwanasha nikamsingizia na Mwenyezi Mungu.

Nimeishi na hilo miezi, nikila na kulala kama watu. Nisikudanganye tena kwa kusema nilikonda. Kilichonivunja ni mzee mmoja Msudani aliyelazwa ghorofa yetu. Nilikuwa napiga deki chini ya kitanda chake, na nesi, mama mmoja wa kwetu Kenya, alikuwa akimpima miguu. Alimwambia afumbe macho, akashika kijiuzi kigumu kama cha mshipi wa kuvulia, akawa anagusa nyayo zake hapa na pale, na mzee aseme kila anapoguswa. Mzee akangoja, ametulia kabisa. Mwishowe akasema, "Haya, anza basi." Naye nesi alikuwa ameshamgusa kila mahali.

Nikaacha deki. Nesi alipotoka nikamfuata, nikamuuliza mzee yule ana nini. Akaniambia sukari ikikaa mwilini huua hisia za miguu. Mtu akanyage msumari, aungue kwa maji ya moto, asijue. Akasema mguu wa namna hiyo haupakwi kitu cha kubahatisha nyumbani, na hata maji ya kuuosha lazima mwingine ayapime kwanza. Kisha akanitazama kwa mshangao, akasema, "Lakini haya yote si yameandikwa kwenye ile picha ya mguu pale ukutani? Ile unayoipangusa vumbi kila asubuhi?"

Ni kweli. Naipangusa kila asubuhi, na kioo chake nakitia dawa king'ae.

Nilirudi kwenye chumba cha fagio, nikaketi juu ya ndoo ile ile, nikafungua simu. Yangu niliyafuta, lakini ya Mwanasha yamebaki, kwa sababu sikuwa na uwezo wa kuyafuta yake. Nikayasikiliza. La kwanza baada ya kukupaka asema, "Nimempaka, kaka. Nimekaa hapa na beseni la maji na sabuni kama ulivyosema. Bado hajasema kitu." Kisha kuna alama ya neno langu lililofutwa. Kisha asema, "Nimemuuliza, asema hasikii chochote. Niendelee kungoja?" Alama nyingine. Kisha, na hapa adhana ya alasiri yasikika nyuma yake, "Kaka, maji yamepoa mara mbili. Bado nangoja."

Baba, nililia mpaka mwenzangu akadhani nimepata habari ya msiba.

Sasa nakuandikia hapa yale niliyoyafuta, neno kwa neno, maana nimeyarudia kichwani hata siwezi kuyasahau. Kwenye karatasi sitaweza kuyafuta, na mwalimu ni shahidi kwamba mwandiko ni wangu.

Nilisema: "Mwanasha, usihangaike na hospitali kwa ajili ya magaga. Ponda maganda mabichi ya korosho, umpake yale mafuta visiginoni na vidoleni. Keti naye karibu na maji ya sabuni. Mpake mpaka aseme inawasha, ndipo umuoshe. Asiposema, usimuoshe."

Aliposema hujasema kitu, nilimjibu: "Ngoja."

Aliponiuliza kama aendelee kungoja, nilimjibu: "Ngozi ya mzee ni ngumu. Ngoja."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakukosea hata hatua moja. Alikaa chini miguuni pako tangu adhuhuri, na beseni lake, akingoja useme inawasha, nawe mguu wako haukuweza kukuambia.

Sikuombi unisamehe. Hilo liache, hata miaka. Likizo yangu ikifika nitakuja kusimama mbele yako na mbele ya kila aliyekuwa akisikiliza simu ile. Shangazi nakuomba kitu kimoja, uende mwenyewe nyumbani kwa Mwanasha, kwa miguu yako, wakati watu wapo nje, kama alivyorudishwa wakati watu wapo nje.

Nisalimie mwenye presha, mwambie aendelee kunywa vidonge alivyopewa na asinisikilize mimi. Msalimie mamake mtoto wa kikohozi na umwambie ukweli wangu. Msalimie mjomba aliyeniomba dawa ya jicho. Nilimwandalia jibu, lakini sitalituma, aende akapimwe. Na mwalimu, ahsante kwa kufika hapa bila kuruka.

Mwanasha sina salamu za kumpa. Kila nikiandika moja naikata. Mwite tu, baba, yeye amengoja kuliko sisi sote. Akija usimwambie kitu kwanza. Mpe mguu, aufunge kitambaa.

Wasalaam,
mwanao Ramadhani,
mfagizi, ghorofa ya tatu