Nani Aliwasimamia Mafundi Wako, Baba?

Mwaka umekatika, Baba, tangu uvue buti zako za saiti pale mlangoni, na hatujapata moyo wa kuzisogeza.

Wenzako wa ujenzi walikuita Timazi, kama ile kamba yenye uzito ya kupimia unyoofu wa ukuta, maana hukupita ukuta bila kufumba jicho moja na kuupima. Nyumbani nako hatukupona. Ulipima picha ya harusi, pazia, hata kola ya mjukuu wako. Mdomo ulikuwa nao, lakini mwashi wako alipovunjika mguu ulimtafutia kazi ya kukaa kitini mpaka akapona.

Saratani ya figo ilipokupata, daktari alikueleza kwamba mwili una seli za kinga za aina nyingi: zipo zinazopeleleza, zipo zinazoua, zipo zinazoita nyingine. Saratani ilikuwa imezilaza. Dawa zako zingeziamsha zifanye kazi pamoja.

"Hapo sasa tunaelewana," ulimwambia. "Mwashi, seremala, fundi bomba, wote saiti siku moja. Nani anawasimamia?"

"Wewe na watu wako, mzee. Zikizidi kuamka zinaweza kushambulia hata palipo pazima. Ukiona homa, kikohozi, pumzi kubana, nipigie saa hiyo hiyo."

Ukamjibu kwamba mlango wa ofisi yake umepinda.

Namba yake uliibandika jikoni, ukahakikisha imenyooka. Na kweli seli zilichapa kazi. Baada ya miezi minne uvimbe ulikuwa umepungua nusu, ukarudi saiti kugombeza watu, nasi tukakuamini kwa kila kitu.

Ndiyo maana homa ilipokuja tulifurahi. Tunaona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Hizo ni kelele za kazi," ulisema huku unatetemeka. "Waacheni mafundi wangu."

Mama alishika simu mara mbili. Sisi wanao tukamcheka, tukamwambia asikuvunje moyo. Siku ya tatu ukashindwa kumaliza sentensi. Hospitali walituambia seli zilikuwa zimevamia mapafu, na kwamba tungewahi siku ya kwanza, huenda zingetulizwa. Uvimbe wenyewe ulikuwa umebaki kama punje ya harage.

Hatuna hasira na dawa, Baba. Uliuliza nani anawasimamia, ukajibiwa mbele yetu. Wewe ulikuwa mgonjwa. Tuliobaki kusimamia ni sisi, na tulikuwa tunacheka. Tusamehe.

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, dada yako uliyemwita Bosi, wakwe zako, mafundi wote wa saiti, na mjukuu wako, ambaye siku hizi naye anafumba jicho moja akitazama ukuta. Akipata joto kidogo tu, Mama anashika simu, na hakuna anayemcheka.

Hatutakusahau, Timazi wetu, siku zote za maisha yetu.