Bakuli la Mama Limekataa Kushikana na Vioo Vyangu

Shangazi wa ukurasa huu, shikamoo. Miaka yote nimekusoma nikicheka ya wenzangu, leo zamu yangu imefika, naomba unishike mkono.

Mimi ni mpika vioo, hivyo ndivyo mama anavyonitambulisha kwa watu, "huyu mwanangu anapika vioo," halafu anasubiri waulize ili aeleze mwenyewe jinsi ninavyokata vioo vya rangi, nikavipanga kama viraka, nikavitia kwenye tanuri la umeme mpaka vikalainika na kushikana, kisha nikaviacha vipoe polepole siku nzima bila kufungua mlango. Karakana ni yangu na kaka yangu mkubwa, mimi napika yeye anatafuta wateja, na mwaka huu amepata kazi ambayo sijawahi hata kuiota, picha ya kioo yenye ukubwa wa mlango, ya kuwekwa ukutani kwenye wodi ya wazazi, wodi ile ile ambayo mama alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na mmoja. Shangazi, nilipoambiwa nililia mbele ya mteja.

Sasa mama kwa furaha akatoa bakuli lake la kioo cha buluu, alilopewa na wakunga wenzake siku ya kustaafu, akasema livunjwe liwe maji ya mto katikati ya picha, ili naye awemo, na kaka hakukawia, akautangazia ukoo mzima. Mimi nina tabia moja, sipiki kikubwa kabla ya kupika kidogo, kigae cha majaribio kama kiganja changu, kwa hiyo nikavunja ukingo wa bakuli, nikaweka kipande juu ya kioo changu, nikapika. Kikatoka na ufa. Nikabadilisha moto, cha pili nacho kikapasuka. Cha tatu nikakipoza kwa muda mara mbili ya kawaida, kikatoka kizima, nikashangilia peke yangu kama mwendawazimu, nikakiweka kwenye rafu, siku ya nne nafagia nikasikia ti! kimekatika vipande viwili na hakuna aliyekigusa. Cha nne nilikipika kwa hasira tu, vipande vya bakuli peke yake, hicho kizima mpaka leo, lakini hicho si picha. Sababu naijua, vioo vya viwanda tofauti havisinyai sawa vinapopoa, kila kimoja kinavuta kwake.

Kaka amekasirika. "Majaribio yako yatatumaliza! Fundi wa kweli hajaribu, fundi anafanya. Weka bakuli, washa moto, Mungu yupo." Mama naye kila akipiga simu ni lile lile, "Bakuli langu limeshaingia motoni?" nami najibu, "Bado kidogo, mama," huku vigae nimevificha kwenye kopo la unga chini ya meza kama mali ya wizi. Uzinduzi ni baada ya wiki tatu. Nikiliweka litapasukia ukutani, nisipoliweka nitamvunja moyo mama anayejivunia mimi kuliko mtu yeyote. Labda kweli mimi ni mwoga. Nifanyeje?

Mpika Vioo

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Ngoja nifute macho kwanza, maana hapo pa mama kukutambulisha kwa watu umenipata. Haya, nimemaliza. Sasa nikugombeze.

"Bado kidogo"? Unamwambia mkunga "bado kidogo"? Huyo mama amewaambia wanawake maneno hayo kwa miaka thelathini na mmoja, unadhani haijui sauti ya mtu anayeficha kitu? Kuvunja bakuli alikuruhusu. Kumficha hakukuruhusu.

Na wewe kaka mtu, najua unasoma juu ya bega lake. Asante kwa kuleta kazi nzuri, na pongezi zangu zinaishia hapo. Wodi ile ina vitanda, na vitandani kuna watoto wa siku moja. Kioo kikisema ti! juu ya vichwa vyao, utawaambia wazazi wao nini? Mungu yupo, ndiyo, na ameshakujibu mara tatu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na mdogo wako anachofanya ni kuuliza moto. Mwoga asingeuliza.

Turudi kwako. Kigae cha nne umekipitia haraka haraka, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Soma tena ulichoandika mwenyewe: bakuli peke yake, kizima mpaka leo. Mimi tanuri nalijua la mikate tu, lakini hata mimi nimeliona jibu. Ulikuwa unalia na vilivyopasuka hukukisikiliza kilichopona.

Kesho, sisemi keshokutwa, toa vigae vyote vinne kwenye kopo, vipanguse unga, uende navyo kwa mama. Usianze na maelezo. Mpe mkononi kimoja kimoja, kwa mpangilio uleule uliovipika. Mwanamke yule alipapasa matumbo na kusikiliza miezi mingi kabla ya uchungu, hakungoja siku yenyewe ndipo ajue mtoto amelalaje. Hutafika cha tatu kabla hajakuelewa. Kisha mwombe bakuli lake lipikwe peke yake, liwe kioo kidogo chenye fremu yake, kando ya picha, mahali atakapopachagua yeye anayeijua wodi. Mto wa kwenye picha utumie buluu yako inayopatana na wenzake. Na kwa kuwa hicho kioo kidogo kitakuwa kikubwa kuliko kiganja chako, anza na jaribio la tano. Ndiyo, la tano! Kaka akiguna, mpe ufagio.

Vile vitatu vilivyopasuka usivitupe. Vitundike ukutani kwenye karakana, mteja akiingia avione, umwambie bila kuinamisha kichwa kwamba vilipasuka hapo ili cha kwake kisipasukie kwake.

Siku ya uzinduzi mama yako atasimama pale wodini aseme, "Huyu mwanangu anapika vioo," na atasubiri waulize. Safari hii usimwachie yeye aeleze. Eleza wewe, na uanzie kwenye vigae.