Jina la Emanueli kwenye Jiwe la Mabaharia

Baba, shikamoo.

Mama naye mpe shikamoo yangu. Mgongo wake unaendeleaje na baridi hiyo ya mlimani? Ngano ya hapo Nangwa imeanza kuiva? Mimi ni mzima, kazi ya usafi hotelini huku ughaibuni inaendelea. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikimtaja kaka Emanueli tu, unakata.

Hapa bandarini kuna ukuta wenye majina ya mabaharia wa meli za mizigo waliokufa kwenye vita vya zamani. Hawakuwa askari. Walikuwa wapishi na mafundi wa injini, watu kama kaka, aliyekuwa akipika kwenye meli ya ngano ilipopigwa kombora. Nilimfuata mwenyekiti wa kamati ya ukuta huo, nahodha mstaafu, nikaomba Emanueli naye aandikwe.

"Ukuta ni wa vita vile, na wa meli za nchi hii," akasema.

"Kwani kombora liliuliza bendera?"

Akakataa. Nikarudi tena na tena, mpaka wakanizoea mlangoni. Mwishowe nilikwenda na Joseph, fundi aliyenusurika kwenye meli ile. Alisimama mbele ya kamati, lakini akawa ananitazama mimi.

"Dada, nilimkuta jikoni, ameshakata roho. Nikamfunika kwa koti langu. Maji ndiyo yaliyonifukuza."

Baba, ulisema hatutakaa msiba wa mtu ambaye hakuna aliyemwona amekufa. Joseph alimwona. Nililia palepale mbele ya wazee wa watu, wala sikuona aibu.

Wamekubali kuweka jiwe jipya kando ya ukuta, la mabaharia wa nchi yoyote waliouawa na vita vya siku hizi. Emanueli atakuwa wa kwanza. Halafu mwenyekiti akauliza, "Wazazi wanasemaje?" Nikamwomba wasichonge kwanza.

Jambo hili siliachi, Baba. Lakini sitaki lifanyike nyuma ya mgongo wako.

Nisalimie mama mdogo anayeuza maziwa Katesh, na shangazi wa Masakta; mwambie sweta aliyonifumia ndiyo inayoniokoa huku. Katekista naye mshukuru kwa kutuombea.

Jina la ubatizo la Emanueli ninalo. Lile la nyumbani, ulilompa wewe alipozaliwa, nalijua kulitamka tu, sijawahi kuliona limeandikwa. Niandikie kwa mkono wako, Baba. Jinsi utakavyoliandika, ndivyo litakavyochongwa.

Ni mimi binti yako,
Theresia