Chozi la Lango

3 Machi

Baba, shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, koo tu limekauka kwa kupiga domo.

Nimepata kazi ya kutembeza wageni kwenye lango la wakoloni, pale ufukweni, lile ulilolikarabati nikiwa bado nanyonya. Nipo kwenye majaribio, zimebaki wiki tatu. Picha yako ipo ofisini kwa mkuu wangu, umesimama juu ya jukwaa la ujenzi, kifua mbele!

Wageni wanapenda ule mchirizi wa kahawia chini ya jiwe la katikati, juu kabisa. Nimewatungia hadithi kwamba lango linawalilia waliolazimishwa kulijenga. Nawapanga chini yake wapigwe picha. Wengine wanalia kabisa, Baba!

Mwanao, Chiriku

9 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Mguu unapiga kelele kama wewe.

Usiwapange watu pale tena. Hiyo ni kutu.

Mawe ya juu hushikwa kwa vibanio vya shaba. Vilituishia siku mbili kabla ya sherehe ya ufunguzi, nikatia vya chuma, nikaziba kwa chokaa. Nilisema nitarudi kuvibadilisha. Sikurudi. Chuma kikiliwa na chumvi kinavimba, kinapasua jiwe. Mwambie mkuu wako leo. Taja jina langu.

Baba yako

18 Machi

Baba, shikamoo. Natumaini u mzima.

Yaani nikaseme kwamba baba yangu alilipua kazi? Ijumaa ijayo natia saini mkataba! Wageni nawaweka kando, nasingizia jua. Lakini jana darasa zima la watoto lilikimbilia pale chini, nikapiga ukelele mpaka mwalimu wao akaniona kichaa.

Miaka yote hiyo halijaanguka. Haliwezi kungoja Ijumaa ipite?

Mwanao

22 Machi

Chiriku,

Salamu baadaye. Miaka ishirini na sita na mimi nasema lingoje.

Nimekata tiketi. Alhamisi asubuhi nitakuwa kwa mkuu wako. Ukitaka, jifanye hunijui. Sitakasirika.

Baba yako

1 Aprili

Baba, shikamoo. Ulifika salama? Mguu je, baada ya safari ile?

Jiwe lilishushwa jana kwa minyororo. Lilipoguswa tu, likagawanyika vipande viwili. Mkuu alishika kichwa. Picha yako wameiondoa ukutani, nikaiomba, iko kwangu chumbani. Mkataba bado, anasema atafikiria.

Nisamehe, Baba. Alhamisi ulipita karibu yangu ukichechemea, na mimi nikawageuzia wageni uso nikaendelea kupiga domo. Ukapanda ngazi za ofisini peke yako. Naona aibu.

Leo mgeni mmoja ameuliza chozi limekwenda wapi. Nimewaeleza yote: kutu, wewe, na mimi niliyejifanya sikujui. Hakuna aliyepiga picha.

Jumamosi nakuja nyumbani.

Mwanao