Mayu Nyanjige Anataka Picha ya Pili

Mpendwa Shangazi Felisita, shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijapoteza kazi na heshima kwa pamoja. Mimi ni mpiga picha, nina studio hapa Bariadi karibu na stendi, na kazi hii nilifundishwa Maswa na Mzee Sharifu, ambaye alipiga kwa filamu miaka thelathini na hakuwahi kumwambia mtu atabasamu, alikuwa anasubiri tu mwanga ukae vizuri kwenye ukuta wa kiwanda cha pamba, anabonyeza mara moja, anasema picha ni ushahidi na ushahidi hauguswi. Mimi nagusa. Wateja wangu wanataka waonekane wako Dubai wakiwa wamekaa kwenye stuli yangu, nami nawapeleka Dubai.

Sasa mwaka jana alikuja mwalimu mmoja, Precious, akasema baba yake, marehemu Bujiku, hakuwahi kupiga picha na mkewe, yaani mama yake mwalimu, Mayu Nyanjige (mayu ni mama kwa Kisukuma), picha ya marehemu iliyobaki ni ile ndogo ya kitambulisho cha mpiga kura, je, naweza kuwaweka pamoja, nikasema naweza, nikaenda kwao nikampiga mama amekaa, nikachukua kichwa cha marehemu nikakiweka kwenye mwili wa mjomba wangu Mhoja, ambaye nilikuwa nimempiga amevaa suti stesheni ya Malampaka, bila kumwambia mjomba, na picha ikatoka vizuri mno, wakaitundika sebuleni.

Tatizo likaanzia hapo. Mayu akaanza kuwasimulia wajukuu jinsi siku ya kupigwa picha ile ilivyokuwa, kwamba suti ilimbana Bujiku, kwamba walinyeshewa njiani, na kila wiki siku ile inazidi kurefuka, mimi nikakosa raha, mwezi uliopita nikaenda kusema ukweli mbele ya Precious.

Nikamwambia, "Mayu, siku hiyo haikuwepo. Mwili ni wa mjomba wangu."

Akasema, "Najua. Nimeishi na Bujiku miaka arobaini na mbili, mikono yake nisiijue?"

Akaendelea, "Ila hapo amenuna. Nitengenezee nyingine, anacheka."

Nikaitikia. Precious anasema nitengeneze, mama afurahi. Mzee Sharifu nilimpigia simu, akasema nikitengeneza nisijiite tena mwanafunzi wake. Sijalala vizuri tangu hapo. Nifanye nini?

Dastan, Bariadi

*

Marahaba, Dastan.

Wasomi wana majina ya ugomvi wenu. Mzee wako ni mtu wa usasa, anaamini kamera ikitulia itaona kweli. Wewe umeangukia kwenye usasaleo, ambako picha huzaliwa kutokana na picha nyingine na kweli huwa ni jambo la kujadiliwa. Majina hayo yasikupe pa kujificha. Ulimkata mjomba wako kichwa bila kumwuliza. Huo si usasaleo, ni utovu wa adabu.

Kwenda kuungama ulifanya vema, ingawa ulichelewa. Tena ukakuta mama hajadanganyika hata siku moja. Anajua anachokitaka kuliko wewe na mwalimu wako. Wasiojua ni wajukuu, na hao ndio watakaobaki na picha sisi tukishaondoka.

Kwa hiyo itengeneze. Ila anza na Mhoja, nenda na picha mkononi, umwombe radhi na ruhusa. Akikataa, vaa suti utumie mwili wako. Kisha keti na Mayu, wajukuu wakiwepo, akueleze Bujiku alivyokuwa akicheka, kama alionyesha meno au alifunika mdomo. Wewe hukumjua mtu huyo, usimpe kicheko kilichotengenezwa na simu yako. Ukimaliza, andika kwa kalamu nyuma ya picha zote mbili: uso wa nani, mwili wa nani, aliyetengeneza nani, mwaka gani. Watoto wakuone ukiandika.

Mzee Sharifu usimfiche. Mpelekee, asome nyuma kwanza. Akikufukuza, vumilia, urudi baada ya mwezi kumsalimia. Ana haki ya kukasirika.

La mwisho. Umeniandikia vichwa, suti na mikono ya watu wawili, na barua nzima hujaniambia Mayu Nyanjige ana sura gani. Siku hiyo hiyo, kabla hujafunga begi, mkalishe katikati umpige peke yake.