Kwa Nikola Haalikwi Mtu

Jumamosi, 13 Desemba

Treni ya kwenda Bar, mji wa pwani. Naandikia gotini. Mume wangu amelala, kichwa chake kiko begani mwangu na kinazidi kuwa kizito kila kona. Mume wangu! Nimeandika mara mbili nilione neno lenyewe likiwa limetulia kwenye karatasi.

Tulifunga ndoa Novemba, mbio mbio, kabla mfungo wa Krismasi haujaanza, maana padri haoanishi mtu wakati wa mfungo. Likizo ya Vojin imepatikana sasa. Kazini wamenicheka — nani anakwenda baharini Desemba? Sisi. Hoteli ni rahisi na bahari ni ile ile.

Daftari hili nimepewa na dada yangu Ljubica. Aliniambia niandike kila siku ya safari, la sivyo nitakuja kukumbuka picha za simu tu. Vojin aliniuliza ninaandika nini muda wote. Nikamwambia naandika jinsi anavyokoroma. Akasema basi hilo daftari ni jembamba mno.

Mahandaki hayaishi. Tukiingia gizani siachi kuandika, ndiyo maana mistari hii imepandana. Sisi watu wa Banati tumezoea ardhi iliyolala kama meza. Hapa nikitazama nje naona chini tu, chini kabisa, na mto mdogo kama uzi. Nilimshika Vojin mkono. Hakuamka, ila naye alinishika.

Jumapili, 14 Desemba

Nimeiona bahari. Ya kijivu, inapumua. Nililia kidogo, Vojin akanifuta kwa kofia yake.

Sina zaidi. Nimekaa na kalamu muda mrefu na hakuna kinachokuja. Nimegundua furaha ni ngumu kuandika. Haina mwanzo wala kona, unaizunguka tu. Kama tungegombana leo ningejaza kurasa.

Jumanne, 16 Desemba

Mvua. Tumekula samaki wa kukaanga mgahawani, wateja ni sisi na paka. Mwenye mgahawa alituletea pombe ya plamu bila kuagizwa. Alisema amewaona maharusi wengi wa Agosti wakinuniana kwa sababu ya jua, lakini wa Desemba hajawahi kuona wakinuniana, kwa kuwa hawana pa kwenda.

Kisha mama mkwe alipiga simu. Ijumaa ni siku ya Nikola, mtakatifu wa ukoo wao, maana kila ukoo una wake na siku yake. Kwetu tuna Malaika Mikaeli. Nimekua naye, mshumaa wake, mkate wake, wageni wake. Nimeolewa, nimemhama hata mtakatifu. Sasa wa nyumba yangu ni Nikola, na Ijumaa nitasimama nyumbani kwa wakwe zangu mbele ya kijiji kizima kama mke wa nyumba ile kwa mara ya kwanza.

Mama Stanojka ni mwepesi, anacheka. Ninayemwogopa ni baba Radoje. Siku ya harusi alinitazama mikono, akamwambia Vojin kitu sikioni. Nilimbana Vojin mpaka akasema: baba alisema mikono ni mizuri, tuone kama ni ya kazi.

Nataka anipende. Nimeliandika wazi kwa sababu hapa hasomi mtu. Sitaki anivumilie tu, nataka anipende.

Jumatano, 17 Desemba

Treni ya kurudi. Tutashuka Prijepolje jioni, Vojin keshasema ndugu yake mmoja atatupokea kwa gari.

Tulipofika mpakani joto likakatika behewa la mbele. Kondakta akapita akiuliza kama kuna fundi umeme, na mume wangu — fundi umeme! — akainuka na bisibisi yake kama daktari. Nikabaki peke yangu. Baada ya muda mfupi akaingia mzee mmoja, koti kuukuu lakini limepigwa pasi, kofia mkononi. Akauliza kama anaweza kukaa penye joto. Nikamkaribisha, nikampa nusu ya mkate wangu na maharagwe ya kuokwa. Na yeye alikuwa amefunga, hagusi nyama wala maziwa, akafurahi kuona nami nimefunga.

Anatoka Bar kumwona binti yake. Ni mjane. Nilimpenda mara moja, ni msikilizaji. Nikamwambia kila kitu: harusi, bahari, paka, kwamba ninakwenda kwa wakwe na ninaogopa. Akaniuliza mume wangu ni mtu wa namna gani. Sijui niliongea muda gani! Akauliza ana afya, sikio lake ni zima? Nikasema zima kabisa, anasikia hata nikihema. Akacheka, akatazama dirishani muda mrefu.

Akaniuliza tunakwenda kwa nani. Nikamwambia: kwa Radoje, juu kule Seljane, nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Nikasema, na wewe mzee uje Ijumaa, uje kwa Nikola, tutafurahi sana. Akaniuliza kwa upole kama mwenye nyumba naye atafurahi. Nikamwambia siku ile nyumba hiyo ni yangu pia, na mimi ninakualika.

Alishuka Brodarevo. Theluji ilikuwa imeanza. Aliposhuka alisimama kwenye stesheni akitazama behewa la mbele mpaka treni ikaondoka. Kidole gumba cha mkono wake wa kushoto hakina kucha. Sijui kwa nini nimekumbuka hilo. Labda ndiyo maana ya kuandika safarini: mkono unaokota vitu ambavyo macho yamepita tu.

Jumatano hiyo hiyo, bado treni

Vojin amerudi na mafuta usoni, shujaa. Nikamsomea. Sijawahi kumsomea daftari hili, lakini nilimpenda yule mzee, nikataka ampende naye. Nilipofika kwenye sikio aliacha kutafuna. Nilipofika kwenye kidole gumba akaniambia nirudie.

Ni baba yake mdogo. Tihomir. Mdogo wake baba Radoje, tumbo moja. Ndiye aliyemchukua Vojin mgongoni hadi hospitali alipokuwa mtoto, sikio linatoa usaha.

Walikuwa wanaishi ua mmoja. Kisha mkewe Tihomir akaugua, Tihomir akauza nusu yake ya bustani ya plamu kwa mtu wa mjini. Mtu wa mjini akaikata miti yote, akajenga nyumba ya mapumziko ambayo hata haji. Baba Radoje alisema mdogo wake ameuza kaburi la baba yao. Tihomir alisema yeye alikuwa anajaribu kumzuia mke wake asifike kaburini. Hawajasemezana tangu Vojin alipokuwa shule ya msingi. Harusini kwetu hakualikwa. Mimi hata sikujua kuwa yupo.

Na mimi nimemwalika. Kwa Nikola! Ambako haalikwi mtu! Hata mtoto anajua: mlango uko wazi, anayetaka anakuja, asiyekuja hakuja. Ukimwalika mtu ni kama kumwambia wewe peke yako ndiye tulidhani hutakuja. Ni furaha tu iliyonitoka mdomoni.

Vojin amesema nisiogope, hatakuja. Naye Tihomir ana Nikola huyo huyo, siku hiyo hiyo. Ana mshumaa wake nyumbani kwake na wageni wake. Mwenye nyumba gani anaacha mshumaa wake unawaka peke yake aende kukaa kwa mwingine? Hajazaliwa.

Basi sawa. Lakini nadhani alimwona Vojin kwanza behewani, akiinamia zile nyaya. Ndipo akaja kwangu.

Alhamisi, 18 Desemba

Seljane. Theluji imefika kwenye ngazi. Baba Radoje alitupokea jana, akanibusu mara tatu, akaniuliza kama bahari ipo bado. Nikasema ipo. Akasema vizuri. Basi.

Leo mama Stanojka amenipa unga wa mkate wa Nikola niukande mimi. Alisema yeye alipewa mwaka wa tano wa ndoa, mama mkwe wake alikuwa na moyo wa jiwe, naye hataki kufanana naye. Nilikanda mpaka mabega yakaniuma. Tukapamba kwa unga: zabibu, njiwa, msalaba katikati. Njiwa wangu ametoka kama kuku. Mama akasema Nikola ni mtakatifu wa mabaharia, kuku hatamjali.

Nikashindwa kunyamaza. Vojin alinikataza, lakini mikono ikiwa kwenye unga mdomo unajifungua wenyewe. Nikamwambia mama yote, treni, sikio, mwaliko.

Akafuta meza mahali palipokuwa safi. Kisha akaniuliza amekondeana? Nikasema kidogo. Koti lake nani anampigia pasi? Nikasema nadhani mwenyewe.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimekaa katikati ya hawa wawili kama kiazi kwenye gunia. Ukimuuliza mmoja ana haki. Ukimuuliza wa pili naye ana haki. Nimechoka na haki."

Nikauliza nimwambie baba? Akasema nikimwambia leo, kesho atafunga geti, na geti halijafungwa siku ya Nikola tangu babu yao. Nisipomwambia na Tihomir akaja, baba atajua nilinyamaza. Nichague mwenyewe, mimi ni mke wa nyumba sasa.

Nilidhani kuwa mke wa nyumba ni kupewa unga.

Nimemwambia. Nilimkuta bandani anapasua kuni. Nilisema haraka, yote kwa pumzi moja, na mwisho nikasema samahani baba, sikujua. Akapasua gogo. Akapasua lingine. Akasema: "Wewe unaongea na watu treni nzima namna hiyo?" Nikasema ndiyo. Akasema atakuja nani, hawezi kuja, ana mshumaa wake. Sauti yake ilikuwa ile ile ya Vojin, kana kwamba wamekariri. Lakini akaendelea kupasua kuni hata zilipotosha kabisa.

Geti hakulifunga. Nimechungulia.

Ijumaa, 19 Desemba

Stoo, kati ya mapipa ya kabichi. Naandika haraka. Nimekuja kuchukua pilipili za siki.

Mshumaa umewashwa asubuhi, padri amekuja na mrehani wake wa kunyunyizia maji ya baraka, ameondoka, ana nyumba nyingi. Nyumba imejaa. Kila anayeingia nampa kijiko cha ngano ya kuchemsha yenye sukari na kokwa za jozi mlangoni, ananiangalia juu hadi chini, ananitakia watoto. Shangazi mmoja ameniuliza kama watu wa tambarare wanaweza kupanda ngazi. Nikamwambia tunaweza, ila tunashangaa juu kuna nini. Wakacheka! Hata baba.

Baba anasimama. Mwenye nyumba haketi siku ya Nikola, anawahudumia wote kwa mkono wake. Ananyoosha glasi, anabeba samaki, na kila mlango unapofunguka anageuka. Nimemwona. Nadhani wote tumemwona.

Vojin alinikuta koridoni akaniambia samaki wangu wamesifiwa. Akanibusu shingoni mbele ya padri mstaafu. Ningeandika kurasa juu ya hilo siku nyingine.

Baadaye, bado Ijumaa

Amekuja.

Nilikuwa nazunguka na ngano. Mbwa alibweka mara moja, akanyamaza, kisha akaanza kulia kama mtoto. Vojin akatazama dirishani, akamwita baba yake kwa sauti ya chini. Watu wakaacha kula, meza nzima, mmoja mmoja.

Amesimama getini. Ndani ya theluji. Haingii. Koti lile lile. Mkononi ana kitu kimefungwa kwa kitambaa cheupe, cha duara — mkate. Mkate wake. Na kwapani mshumaa mrefu ambao haujawashwa.

Hakuuacha unawaka peke yake. Hakuuwasha. Ameuleta.

Nikamtazama baba. Akavuta kiti akaketi. Siku ya Nikola, mbele ya kijiji, mwenye nyumba ameketi! Shangazi akajifanyia ishara ya msalaba. Hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke. Mama alikuwa ameshika bakuli la supu na halitikisiki.

Baba akasema bila kunitazama: "Mgeni ni wa aliyemwalika. Senka, nenda kampokee."

Basi naenda. Nimeingia stoo kumngojea mama. Sinia ya ngano ilikuwa imechimbwa kote na vijiko vya watu, na mama hataki nitoke nayo hivyo. Anaisawazisha upya, anamwagia sukari nyeupe juu, anapanga jozi msalaba kama asubuhi, kama kwa mgeni wa kwanza. Nimemwambia mzee atapata baridi kule getini. Akasema acha, kashapata baridi miaka, dakika atavumilia.

Sijui nitamwambia nini. Vojin amesema atakuja nami, baba akamkatalia kwa kichwa. Peke yangu. Nimevaa viatu vya kwanza nilivyovikuta mlangoni, vikubwa, nyayo zangu zinaogelea.

Kutoka hapa naliona geti kupitia kidirisha. Ameweka mkate kifuani ndani ya koti, theluji isiuguse.

Kiti kimesukumwa kule sebuleni. Hatua. Ni baba, najua uzito wake. Amekuja hadi koridoni. Anasogeza vitu, anainama, anahema. Mama amesimama na kijiko cha sukari hewani.

Anauliza nani kachukua viatu vyake.

Ninavyo mimi.