Feni Mbili za Kanisani na Mgongo wa Mzee Yotamu

Isanga,
S.L.P. 214,
Mbeya.
22 Aprili 1976

Mpendwa wifi yangu Lusia,

Pokea salamu zangu nyingi za upendo. Nakuandikia nikiwa jikoni, mvua inagonga bati na maharage yanatokota. Je, u mzima huko Nyololo? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa Krismasi kimetulia? Na shemeji Kalinga, mguu umeacha kumwuma? Sisi hapa tunamshukuru Mungu, tu wazima, ila baridi imewahi, na yule jogoo uliyetuletea amekufa. Nadhani ni uzee tu, maana jioni aliwika vizuri.

Mahindi yamesimama na viazi havijambo. Yohane wetu ameanza shule na tayari anatusahihisha tunavyoongea.

Sasa nikupe habari za kaka yako, maana najua utazisikia kwa watu, na watu wataongeza chumvi. Afadhali chumvi niitie mwenyewe.

Unakumbuka kanisa lilipata ile amplifaya, mashine ya kukuza sauti ya kwaya, na wazee wakamkabidhi Abrahamu ailinde. Unamjua kaka yako akikabidhiwa kitu. Alichonga sanduku la mninga, akalipiga msasa na vanishi, akaliziba kila upande, akatia na kufuli. Akaniambia, "Mama Asukile, humu hata mchwa akitaka kuingia atabisha hodi."

Sanduku ni zuri, sikatai. Lakini mashine ile ndani ina taa zinazopata moto kama jiko, na jiko ukilifungia sandukuni unajua mwisho wake. Kwaya ikifika wimbo wa pili sauti inakwaruza, inanong'ona, halafu kimya. Watu wote wanamgeukia kaka yako, naye anatazama dari kama aliyeahidiwa kwamba jibu litatokea huko.

Mzee Yotamu, yule mzee wa kanisa anayekaa benchi la pembeni mbele kabisa, hakuipenda mashine tangu mwanzo. Alisimama kwenye baraza la wazee akasema, "Paulo alihubiri bila waya." Basi wazee wakaamua: ikizimika tena siku ya Pasaka mbele ya kwaya za wageni, itakwenda kwa wenzetu wa Chimala.

Tangu siku hiyo kaka yako aliacha kuimba akiwa kazini. Wewe umekua naye, unajua huyo huimba hata akiwa na misumari mdomoni. Nilipoona anapiga randa kimyakimya kama mtu anayechonga jeneza, nikajua limemwingia, nikaanza kumwombea.

Jirani yetu Gideoni, aliyekuwa fundi wa umeme Dar, akasema dawa ni upepo, zitafutwe feni. Wifi, Mbeya hii nani ana feni? Sisi tunatafuta blanketi. Moja alikuwa nayo Gideoni mwenyewe, imekaa juu ya kabati tangu alipohama, mke wake anaanikia soksi. Ya pili kaka yako aliifuata Chimala kwa rafiki yake Nyanda, yule Msukuma mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Nyanda alimpa, lakini kwanza alicheka mpaka akakaa. "Watu wa Mbeya mnaomba feni? Mwakani mtakuja kuniomba barafu."

Alhamisi kabla ya Pasaka wakakutana kanisani. Abrahamu akalitoboa sanduku lake, na kila msumeno ulipokata alifumba jicho. Tundu moja mbele, chini. Jingine nyuma, juu. Feni moja akaiweka mbele, nyingine nyuma, zote zinatazama ndani, zote zinapuliza kwa nguvu. Mashine ikawa moto vilevile.

Gideoni akawasha gunzi la mahindi, akalizima libaki likifuka, akalipitisha sandukuni aone moshi unakokwenda. Haukwenda popote. Ulijaa mle, ukazunguka, ukaanza kutoka kwenye tundu la ufunguo. Na nani apite mlangoni saa hiyo kama si Mzee Yotamu. Alichungulia, akauona moshi, akasema, "Aa, mmeamua kuichoma. Mngeniambia nilete kuni," akaenda zake.

Gideoni akashauri feni ya nyuma igeuzwe, itoe upepo nje badala ya kuuingiza. Abrahamu akakataa. "Nimeiazima feni ya watu ije ipulize mashine, wewe unataka iipe mashine mgongo na kutazama benchi la pembeni? Nyanda nitamwambia nini?" Wakabishana mpaka chai niliyowapelekea ikapoa.

Ndipo nikasema, "Baba Asukile, mimi na marehemu baba yenu tuliishi mji mmoja miaka yote. Uliwahi kuona tumegongana mlangoni?"

Wifi, wewe ni shahidi yangu. Kwa mila yetu mkamwana haonani na mkwe wake, na wewe ndiwe uliyekuwa ukinitangulia ukikohoa, mzee ajue naleta maji. Nikiingia mlango wa mbele, yeye anachukua fimbo anatokea wa nyuma. Nyumba ilikuwa na amani, na hakuna aliyekwama. Nikawaambia, "Hizi feni mmezikutanisha uso kwa uso kama mkwe na mkamwana waliokosa adabu. Kwa aibu hiyo zitafanya kazi gani? Mmoja aingie, mwingine atoke."

Kaka yako alicheka, wifi. Siku nyingi sikuwa nimekisikia kicheko kile. Akaigeuza feni ya nyuma kwa mkono wake mwenyewe, na moshi ukaingia chini mbele, ukapanda, ukatoka nyuma mstari mmoja kama umetumwa. Tangu siku hiyo ile ya mbele inaitwa Mkamwana, ya nyuma inaitwa Mkwe.

Ningekuwa naishia hapa kama si sisi akina mama. Jumamosi wenzangu walikwenda kupamba kanisa. Unatujua, kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa, kochi lina kitambaa, hata mtungi wa maji una kitambaa. Wakaliona sanduku limetobolewa, wakalionea huruma, wakalivika kitambaa cha kufuma chenye bitana nzito, kimedariziwa KARIBU MGENI. Kikamfunika Mkwe gubigubi.

Pasaka yenyewe iliamka na manyunyu na ubaridi wa kuingia kwenye mifupa. Kwaya ya Chimala iliimba vizuri. Ya Makongolosi ikasimama, na katikati ya wimbo sauti ikaanza kukwaruza. Nilimwona Abrahamu akigusa sanduku kwa mbele na kuvuta mkono haraka, asijue kilichofunikwa nyuma. Mimi niko upande wa akina mama, nakiona kitambaa, na kuvuka mbele ya madhabahu watu wakiimba siwezi. Niliomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kuomba.

Mzee Yotamu alikuwa amekaa kwenye benchi lake, mgongo wake ukielekea nyuma ya sanduku, koti limelowa, anatetemeka. Akapeleka mkono nyuma, akagusa kitambaa. Kumbe kina joto kama kilichotoka kwenye pasi. Akatazama huku na huku, akakivuta polepole, akajifunika mabegani. Pale pale Mkwe akapata njia, joto likatoka moja kwa moja kwenye mgongo wa mzee, na kwaya ya Makongolosi ikasikika mpaka barabarani. Ibada ikaisha mashine haijazimika, na Mzee Yotamu amekaa wima, macho nusu, KARIBU MGENI mgongoni.

Juzi baraza lilikaa. Ndugu wa Chimala walikuwa wamesikia habari za mashine, wakauliza kama bado inatolewa. Mzee Yotamu akasimama wa kwanza. "Haiendi popote," akasema, "na sanduku lisisogezwe hata kidogo." Mzee mmoja akamkumbusha maneno yake ya Paulo. Akajibu, "Paulo alikaa nchi za joto."

Sasa wazee wanagombea benchi lile. Nyanda naye amesema feni ikae mpaka joto la Novemba. Na kaka yako, hapa ninapoandika namsikia uani anapiga misumari, anaimba sauti ya tatu ingawa hakuna wa kuimba naye ya kwanza.

Nisalimie shemeji Kalinga na mguu wake, mama mkwe wako, na watoto wote, hasa Helena, mwambie sweta lake nimefika kwenye mikono. Abrahamu anakusalimu sana, na Asukile na Yohane pia. Bwana awafunike kwa mkono wake, mvua iwanyeshee kwa kiasi, na nyumba yenu isikose moto wala wa kuuota. Ndaga fijo, asante sana, kwa viazi ulivyotuma.

Tumealika kwaya yenu kwa Pentekoste. Nijibu mapema, wifi, unijulishe kama utakuja.

Ni mimi wifi yako nikupendaye,
Tusajigwe